Kabla ya Kitabu: Neno kwa Waandishi wa Usambara

Mazungumzo ya leo nayaelekeza hasa kwa walioko Bungu na vijiji vinavyoizunguka, juu kule milimani upande wa Korogwe. Lakini aliyeko Soni, Bumbuli, Mlalo, Mtae au Lushoto mjini asizime redio, maana maneno haya ni yake pia. Na kwa kuwa nchi yetu ina Bungu zaidi ya moja, ndugu zangu wa Kibiti wataniwia radhi: leo nazungumza na Bungu ya Usambara.

Nina mtu ninayemlenga. Pengine ni kijana aliyemaliza kidato cha nne mwaka juzi na sasa anamsaidia baba yake shambani. Pengine ni mwalimu wa shule ya msingi, au mama anayeuza mboga siku ya gulio. Mtu huyu ana daftari. Ndani ya daftari hilo mna mashairi kadhaa, mna sura mbili tatu za riwaya, mna mambo aliyoyaandika usiku watu wakiwa wamelala. Kila ninapokutana na mtu wa namna hii swali lake huwa ni hilo hilo: nitachapishaje kitabu changu?

Jibu langu nalitoa mapema, kisha nitalieleza. Usianze na kitabu. Anza na maandishi mafupi ya aina mbalimbali, yenye msomaji unayemjua na yenye kazi ya kufanya hapo hapo kijijini, na uyatoe yasomwe. Andika barua, andika taarifa, andika wasifu, andika insha, andika maelezo ya kazi. Kila aina itakufundisha jambo ambalo nyingine haifundishi. Kitabu kije baadaye, kimkute mwandishi amekwisha kukomaa.

Sisemi haya kwa kubuni. Mkoa wetu wa Tanga una historia ndefu ya kuandika Kiswahili, na historia hiyo yote inaelekea huko.

Tuanze na kitabu kinachoihusu milima hii yenyewe. Habari za Wakilindi kiliandikwa na Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy, mtu aliyetoka pwani akaishi Usambara miaka mingi karibu na watawala wa Kikilindi, akiwemo Semboja wa Mazinde. Humo ndani utamkuta Mbegha, yule mwindaji aliyetoka Nguu akaja kuwa mtawala, na Vuga ikawa makao ya ukoo wake wa Wakilindi. Utamkuta Kimweri ye Nyumbai na enzi yake kubwa. Utakuta pia ule ugomvi uliozuka baada ya kifo chake, ndugu wakaivuruga nchi kwa vita.

Kitabu hicho hakikutoka kwa mkupuo. Kilichapwa kwa sehemu tatu kule Magila, upande wa Muheza, kwenye mashine ya wamisionari wa UMCA, kati ya mwaka 1895 na 1907. Zaidi ya miaka kumi, msikilizaji, sehemu moja ikitangulia na nyingine ikisubiri. Ni mwaka 1962 ndipo East African Literature Bureau ilipokitoa kikiwa kitabu kimoja, na mwaka uliofuata ikatoka tafsiri yake ya Kiingereza, kazi ya J. W. T. Allen. Leo mtu anayetaka kuijua Usambara ya zamani hawezi kukiruka.

Ukikisoma kwa jicho la mwandishi utaona kitu kingine. Mle ndani mna uandishi wa aina mbili. Habari za Mbegha na warithi wake wa kwanza mwandishi hakuziona kwa macho. Alizipokea kwa wazee, akazisimulia kama zilivyosimuliwa. Habari za baadaye ni za shahidi: watu aliowajua, maneno aliyoyasikia, safari alizokuwamo. Kuandika ulichoambiwa na kuandika ulichokiona ni kazi mbili tofauti. Ya kwanza inadai usikivu na subira ya kukaa na wazee, ya pili inadai kumbukumbu na ukweli wa nafsi. Bwana Abdallah aliziweza zote mbili, na ndiyo sababu kitabu chake bado kina uhai.

Magila ilikuwa pia na gazeti. UMCA walikuwa wameanzisha Msimulizi huko Zanzibar mwaka 1888, na Habari za Mwezi likafuata Magila katika miaka ya 1890. Mwanzoni mwa karne ya 20 likatoka Kiongozi, mjini Tanga, katika shule ya serikali ya Wajerumani, nalo likaendelea mpaka vita ilipolikatiza mwaka 1916. Walioyajaza magazeti hayo ni walimu na makarani wa vituoni. Waliandika habari fupi: nani amefika, nani amefariki, shule inaendeleaje, mvua imenyesha au la. Hakuna hata mmoja aliyengoja awe na kitabu. Na watu wa Usambara wasisahau kwamba uchapaji ulipanda hadi milimani: Vuga, jirani na Soni, kuna kiwanda cha kuchapa cha kanisa la Kilutheri ambacho jina lake limo katika kurasa za mwanzo za vitabu vingi vya dini vya Kiswahili.

Kisha yuko Martin Kayamba. Huyu alikuwa karani wa serikali mjini Tanga, na mmoja wa waliounda chama cha watumishi Waafrika wa serikali mjini humo mwaka 1922. Mwaka 1931 alisafiri kwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza iliyokuwa ikijadili kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika. Aliporudi aliandika Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza, kikachapishwa mwaka 1932. Sikiliza jina la kitabu hicho: tulivyoona, tulivyofanya. Hiyo ndiyo habari ya safari. Haihitaji mtu awe amefika London. Aliyeshuka na lori la kabichi kutoka Lushoto hadi sokoni Dar es Salaam, akalala juu ya magunia, akabishana na dalali alfajiri, akarudi na nusu ya bei aliyoitarajia, ana habari ya safari yenye uzito wake.

Sasa nije kwa mtu ambaye hapana budi kumtaja, Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909. Shuleni tunafundishwa kwamba alikuwa mshairi na mtunzi wa riwaya, na hapo mara nyingi tunaishia. Tazama orodha yake. Alitunga mashairi na tenzi. Aliandika insha, akazikusanya katika Kielezo cha Insha, 1954. Alitunga hadithi za mafumbo ya utawala, Kusadikika, 1951. Aliandika maisha yake mwenyewe. Aliandika maisha ya mwingine, Wasifu wa Siti binti Saad, 1958. Alileta katika Kiswahili mashairi ya Omar Khayyam. Mtu mmoja, aliyefanya kazi ya ukarani serikalini, Pangani, Mpwapwa na Tanga, alipita katika karibu kila aina ya uandishi iliyokuwapo. Na mashairi yake mengi yalitangulia kusomwa magazetini. Mambo Leo, gazeti lililoanzishwa na Idara ya Elimu ya Tanganyika mwaka 1923, lilikuwa na nafasi ya mashairi ya wasomaji, na katika nafasi hiyo washairi wengi wa nchi hii walijifunza kusomwa, kujibiwa na kupingwa.

Jambo la Shaaban linalonigusa kuliko yote ni barua zake. Tangu mwaka 1931 hadi 1958 alikuwa akimwandikia mdogo wake, Yusuf Ulenge. Zilikuwa barua za ndugu kwa ndugu: afya, fedha, watoto, kazi, na wasiwasi juu ya miswada yake. Mwaka 2002 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilizitoa kitabu, zikiwa zimehaririwa na M. M. Mulokozi. Huwezi kuzisoma bila kuona kwamba yule mtu hakuwa na mkono mmoja wa kuandikia barua na mwingine wa kuandikia vitabu. Uangalifu ulikuwa ule ule.

Na yuko Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, aliyemleta mpelelezi Bwana Msa katika fasihi yetu. Mswada wake wa Mzimu wa Watu wa Kale ulishinda shindano la hadithi za Kiswahili la East African Literature Bureau la 1957 na 1958, ukatoka kitabu mwaka 1960. Wengi hawajui kwamba huyu bwana wa hadithi za upelelezi alikuwa mhariri wa Mkulima, jarida la kilimo, hadi alipostaafu mwaka 1968. Alihariri makala za wakulima, huku akitunga mafumbo ya mauaji. Sioni ajabu. Makala ya kilimo isiyo na mpangilio humharibia mkulima shamba, na hadithi ya upelelezi isiyo na mpangilio humpoteza msomaji katika ukurasa wa ishirini. Mpangilio ni ule ule.

Basi turudi Bungu, kwenye daftari letu.

Nataka nianze na maandishi ambayo kila kijiji cha Usambara kinayo na hakuna anayeyaita uandishi: ule wasifu wa marehemu unaosomwa msibani. Mmeusikia mara nyingi. Marehemu alizaliwa mwaka fulani, alisoma shule fulani, alifunga ndoa, alijaliwa watoto kadhaa, aliugua, ameacha wajukuu na vitukuu. Bwana ametoa na Bwana ametwaa, au inna lillahi. Umekwisha. Mtu ameishi miaka themanini, amelea, amelima, amegombana na kupatana, amekata mashauri ambayo ukoo mzima unaishi nayo hadi leo, na yote yamewekwa katika mistari kumi inayoweza kusomwa kwa marehemu yeyote.

Siku ukiambiwa wewe uliyesoma ndiye utakayeuandika wasifu huo, usikatae, na usiuandike hivyo. Kaa na mjane, kaa na kaka mkubwa, kaa na jirani. Uliza: alipenda kufanya nini alfajiri? Ni mti gani uliopo hapa alioupanda yeye? Alikasirishwa na nini? Nani alimfundisha kazi, naye akamfundisha nani? Ni jambo gani alilolifanya ambalo bila yeye lisingefanyika? Utaandika ukurasa mmoja tu, lakini utakuwa umejifunza mahojiano, uteuzi wa habari, mpangilio wa wakati, na adabu ya kumtaja mtu mbele ya watu wanaompenda na wanaomjua. Hadhira ile haidanganyiki. Ukikosea jina la shangazi utasahihishwa papo hapo. Ukisema kweli, utaona vichwa vinatikisika. Shaaban Robert alipouandika wasifu wa Siti binti Saad alikwenda kwa mama huyo mwenyewe, akamsikiliza akiwa hai. Nawaomba waandishi wa milimani wafanye hivyo hivyo: msingoje msiba. Babu na bibi wapo, wasikilizeni sasa.

Aina ya pili ni muhtasari wa kikao. Najua, hapo wengine watakunja uso. Lakini katibu wa kikundi cha VICOBA, wa kamati ya shule au wa chama cha ushirika ana shule kubwa ya uandishi mkononi mwake. Watu kumi na wanane wamezungumza saa tatu, wengine wamerudia jambo moja mara nne, wawili wamezozana. Wewe unatakiwa utoe kurasa mbili zinazosema nini kiliamuliwa, nani atakifanya na lini. Usitie chumvi, usimpendelee rafiki yako, usimfiche aliyepinga. Mwandishi wa habari anayelipwa mshahara mjini hana sifa nyingine zaidi ya hizo.

Tatu, maelezo ya kazi. Kuna watu Usambara wanaojua kubebesha miche ya parachichi hata miche yote ikashika. Kuna wanaojua kuchimba matuta ya kinga maji katika mteremko ambao mgeni angeogopa hata kusimama. Kuna akina mama wanaojua kutunza mbegu za maharage zisiliwe na wadudu mpaka msimu ujao. Chukua kazi moja, iandike hatua kwa hatua, kisha mpe mtu asiyeijua aifanye kwa kufuata karatasi yako peke yake, nawe umekaa kimya. Pale atakapokwama ndipo sentensi yako ilipo mbovu. Sijui mhariri mkali kuliko huyo.

Habari na insha nitazipitia kwa haraka, kwa sababu shule imewafundisha kidogo. Habari hujibu nani, nini, wapi, lini, kwa nini. Ukiweza kuandika kuhusu barabara iliyokatika kwa mvua bila kulia lia na bila kuficha, magazeti na redio watakusikiliza, maana wao hawana mtu kila kijiji. Insha ni mahali pa kusema unaloliamini na kulitetea. Kwa ajili ya jukwaa, makwaya na shule zetu zina kiu ya maigizo na ngonjera mpya kila mwaka. Ngonjera zilienea mashuleni kwa juhudi za Mathias Mnyampala na chama cha washairi cha UKUTA, naye hakungoja ukumbi wa taifa ujengwe. Andika igizo la dakika ishirini, lichezwe Jumapili ya mavuno au siku ya wazazi shuleni, kaa nyuma kabisa usikilize wapi watu wanacheka na wapi wanaanza kuzungumza wenyewe kwa wenyewe.

Ukifanya hayo kwa miaka miwili mitatu, utajua wewe ni mwandishi wa namna gani. Wengine wataona kumbe riwaya haikuwa yao. Yao ni wasifu, au makala, au vitabu vya watoto. Ni afadhali kulijua hilo mapema kuliko kulijua baada ya kuuza mbuzi ili uchape kitabu.

Hapo ndipo nafika kwenye uchapishaji, na nataka nizungumze wazi, kwa sababu wengi wameumizwa.

Mwenye mashine ya kuchapa anafanya kazi moja: unampa kurasa, anazigeuza nakala, unamlipa. Mswada ukiwa na makosa elfu moja, atakuchapia nakala zenye makosa elfu moja, na hana lawama. Nyumba ya uchapishaji hufanya kazi nyingine. Inausoma mswada, inaukataa au kuukubali, inaweka mhariri, inalipia jalada, kupanga kurasa na kuchapa, inakitafutia kitabu soko, na inakulipa mrabaha kwa kila nakala inayouzwa. Fedha inayohatarishwa ni yake. Tanzania Publishing House ilianza mwaka 1966 kwa kazi hiyo. Mkuki na Nyota ilianzishwa na Walter Bgoya mwaka 1991, baada ya yeye kuiongoza TPH kwa miaka mingi, na ndiyo iliyotuletea Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah katika Kiswahili cha Ida Hadjivayanis. E&D Vision nayo ipo, kwa juhudi za Elieshi Lema.

Basi ukikutana na mtu anayejiita mchapishaji, lakini anataka wewe ulipie kila kitu, fahamu kwamba mwenye mtaji ni wewe. Na kama mtaji ni wako, basi nakala zote ni zako na haki zote ni zako, yeye ni mtu uliyemwajiri. Mwandikiane hivyo. Usitie sahihi karatasi inayosema umemuachia haki zako za mswada kwa muda wote huku ukiwa umemlipa. Nimeona watu wazima wakitokwa na machozi juu ya karatasi za namna hiyo.

Kujichapishia si aibu. Ben Mtobwa, mwandishi wa riwaya na mwanahabari, alianzisha Heko Publishers na akavitoa vitabu vyake humo, vikasomwa nchi nzima. Lakini Mtobwa alikuwa mhariri, aliijua kazi. Anayejichapishia bila mhariri anajidhulumu. Kama huna fedha ya mhariri, tafuta mwalimu wa Kiswahili wa sekondari asiye rafiki yako, umpe kalamu nyekundu na umwombe asikuonee huruma.

Yapo mambo madogo ya kiofisi ambayo huokoa fedha. Namba ya ISBN, ile inayokitambulisha kitabu duniani, hapa Tanzania hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba. Omba kabla ya kuchapa, maana inatakiwa iwemo ndani ya kitabu. Ukishachapa, bodi hiyo ipewe nakala zake, ili kazi yako ihifadhiwe hata nyumba yako ikiungua. Halafu kuna hesabu ya kurasa. Viwandani kurasa huchapwa nyingi kwa pamoja kwenye karatasi kubwa, kisha karatasi hukunjwa na kukatwa, mara nyingi kurasa 16 kwa mkunjo mmoja. Kitabu cha kurasa 64 au 96 hukaa sawa. Cha kurasa 67 kinakulipisha karatasi tupu. Muulize mchapaji kabla hujafunga mswada. Na usichape nakala nyingi kwa furaha. Chapa chache, uza, kisha chapa tena. Vitabu vilivyopangwa chini ya kitanda huliwa na panya, na milimani kwetu unyevu humaliza vilivyobaki.

Kuhusu haki: Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda mwandishi katika uhai wake wote na miaka 50 baada ya kifo. Haki hiyo ni yako tangu unapoandika. Hata hivyo kuisajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kunakupa ushahidi siku ya ugomvi. Nalisema hili hasa kwa vijana wanaouza hadithi kwa vipande katika simu, sehemu ya kwanza bure, ya pili kwa shilingi kadhaa. Nawapongeza, maana mmerudi kwenye njia ile ile ya Magila, sehemu baada ya sehemu. Lakini hadithi ya simu hunakiliwa kwa kidole kimoja. Hifadhi mswada kamili wenye tarehe, usajili, kisha ndipo utoe.

Soko la vitabu ni gumu, na sitamdanganya mtu. Kwa miaka mingi nyumba zetu za uchapishaji ziliishi kwa vitabu vya kiada, na faida ya kiada ndiyo iliyoziwezesha kuthubutu kutoa riwaya na diwani. Katika muongo uliopita kazi ya kuchapisha vitabu vya kiada ilirudishwa kwa Taasisi ya Elimu Tanzania, na wachapishaji binafsi wakapoteza mhimili wao. Ndiyo maana mswada wako unaweza kukaa mezani kwa mtu miezi mingi bila jibu. Shaaban Robert mwenyewe alifariki mwaka 1962 bila kukiona Kufikirika kikiwa kitabu, ingawa alikuwa amekiandika tangu mwaka 1946.

Lakini kuna mlango uliofunguliwa karibuni. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na hiyo hiyo Taasisi ya Elimu, iliwatangaza washindi wake wa kwanza Aprili 2023. Kabla yake ilikuwapo, na bado ipo kwa jina jingine, tuzo ya Mabati-Cornell ya fasihi ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2014. Mashindano haya hayaulizi baba yako ni nani wala unaishi wapi. Muhammed Said Abdulla aliingia kwa mlango kama huo. Soma masharti yao neno kwa neno, urefu, aina ya mwandiko, tarehe ya mwisho, maana miswada mingi mizuri huanguka kwa kutofuata masharti tu.

Namalizia kwa ombi, na ombi hili ni la watu wa Usambara peke yao.

Katika miaka ya 1940 na 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima wa milima hii kuchimba matuta, kuanzia bonde la Mlalo. Watu walikataa, wakapinga, na upinzani ule ukaingia katika siasa za kudai uhuru. Steven Feierman, mwanahistoria Mmarekani, alikuja Usambara katika miaka ya 1960, akakaa na wazee, akaandika vitabu viwili vinavyotajwa duniani kote, kimoja mwaka 1974 na kingine 1990. Vyote ni vya Kiingereza. Namshukuru sana. Lakini waliokuwa watoto wakati wa matuta, waliowaona mama zao wakishika majembe kwa amri, sasa ni wazee. Wanazungumza Kisambaa na Kiswahili, na wako Bungu, wako Mlalo, wako Bumbuli, pengine mzee mmoja yumo nyumbani mwako anaisikiliza redio hii pamoja nawe.

Wiki hii chukua daftari lile, fungua ukurasa mpya, ukae naye. Muulize alikuwa na umri gani, nani alikuja kutoa amri, watu walisema nini, nani alikamatwa. Andika maneno yake kama anavyoyasema, weka jina lake, tarehe na kijiji. Kisha tuletee nakala hapa redioni, na nakala nyingine ipeleke maktaba ya mkoa mjini Tanga. Tutaisoma hewani kwa jina la mzee na jina lako.